Mapichi Uliyotuachia Stoo

Mwaka umetimia, Earlene Tookes, mke, mama na bibi yetu, tangu ulipotutoka. Ilikuwa Julai, umetoka kusindika mapichi ya msimu. Ulikwenda kulala umechoka, ukaagiza jikoni kusiguswe mpaka uamke. Hukuamka, na jikoni hatukugusa kwa muda mrefu kuliko ulivyotaka.

Tunakuandikia hapa gazetini ili na majirani wasome, kwa kuwa wengi wanatuuliza habari za nyumbani, na wewe hukupenda habari ziwafikie watu zikiwa zimepinda.

Ujana wako uliumalizia kwenye banda la kuchambua mapichi kule Fort Valley, umesimama mbele ya mkanda unaotembea, ukitoa yaliyochubuka. Baadaye ukapika jikoni mwa shule mpaka ukastaafu. Lakini vidole vyako havikustaafu kazi ya banda. Dukani ulikuwa ukiminya mapichi yaliyomo kwenye vikapu vya watu, ukatikisa kichwa, ukaenda zako. Sisi ndio tuliobaki nyuma tukiomba radhi.

Ulikuwa mkarimu na ulikuwa na mdomo. Mgonjwa yeyote mtaani alipata sahani yako, na alipata pia maoni yako kuhusu jinsi alivyougua.

Kobla yako haihitaji maelezo katika kaunti hii. Mapichi yalichemka na sukari na siagi mpaka maji yakawa mazito, ukayamwaga kwenye ile treya iliyobonyea pembeni, ukapanga vipande vya unga juu, ukanyunyiza sukari, ikaingia oveni. Kiangazi ulitumia mabichi. Baridi ikiingia ulifungua chupa ulizosindika mwenyewe. Ya kopo hukuyataka. Ulisema hayo ni ya kuwapelekea watu hospitali. Aliyekuomba vipimo ulimjibu, "Weka mpaka roho yako iridhike." Binti yako Renita alikuwa akikasirika sana kwa jibu hilo.

Na hakuna atakayesahau siku zako za kusindika. Chupa zikitoka kwenye maji ya moto na kupangwa juu ya taulo, ulikataza nyumba nzima kusema. Vifuniko vilipopoa vilivutwa ndani, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mlio wake mdogo, nawe umesimama mikono kiunoni unasikiliza. Chupa ambayo haikulia, yaani haikuziba, ililiwa wiki ileile. Zilizolia zilikwenda stoo.

Ulituachia sita. Mumeo Lucious alizifanya mali ya serikali. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, aliingia stoo, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja kwa kidole gumba kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akafuta vumbi, akatoka. Tukimwuliza alikwenda kufanya nini, alisema anatafuta balbu. Nyumba hii haijawahi kuwa na mwanga kama mwaka huu.

Krismasi mwanao Dwight alikuja kutoka Macon, akachukua chupa moja bila kuuliza.

"Rudisha," Lucious akamwambia.

"Baba, ni mapichi tu."

"Ni ya mama yako. Rudisha."

Akarudisha, akala mkate wake na jemu ya dukani.

Sasa tufike kwenye lile ambalo ungetaka kulijua kwanza. Mwaka huu mipichi haikuzaa. Jua la Februari liliyadanganya maua yakatoka mapema, Machi baridi ya sakitu ikayaunguza. Vibanda vya barabarani vinauza matikiti na karanga za kuchemsha. Na Jumapili ya Kurudi Nyumbani kanisani, waliohama wanaporudi kula pamoja, ilikuwa inakaribia, ambapo kobla ya katikati ya meza ya vitamu imekuwa yako tangu Renita hajaota meno.

Mama Odell, ambaye bado anaitawala meza ile, alipiga simu.

"Kaka Lucious, nafasi ya Dada Earlene nifanyeje? Mke wa shemasi mgeni anasema ataleta ya kununua."

"Ya kununua wapi?"

"Supamaketi. Anasema ni nzuri."

"Na wewe utaiweka pale?"

"Nisipoletewa kitu na nyumba yako, nitamkatalia kwa lipi? Na ukishampa mtu nafasi, mwakani humwondoi."

Renita akasema yeye atapika. Alinunua mapichi ya kopo, akajaribu Jumatano. Unajua mumeo hasemi uongo kuhusu chakula, hata uchumba wenu nusura uvunjike kwa ajili hiyo. Alionja, akatafuna polepole.

"Unga umeuweza."

"Na mapichi?"

"Nimesema unga umeuweza."

Renita akaweka kijiko chini. "Baba, zile chupa za Mama."

"Hapana."

"Mwenyewe alisema chupa hazikai milele."

"Najua alichosema. Nilikuwa mumewe."

"Basi utazifanyia nini? Utazizika?" Halafu akasukuma sahani kando. "Wewe una chupa zako za kubonyeza kila siku. Mimi nina nini? Nilitaka nipike naye mara moja tu."

Lucious alitoka akakaa barazani mpaka chakula kikapoa. Alijua binti yake ana haki, na bado hakuweza. Kwake, siku chupa zile zikifunguliwa, hapatakuwa tena na kitu cha mikono yako ambacho bado hakijaisha. Baadaye alimwambia Dwight hivyo hivyo, bila kupamba.

Jumamosi asubuhi aliingia stoo kutafuta balbu yake. Kifuniko cha kwanza, kigumu. Cha pili, kigumu. Cha tatu kikabonyea chini ya kidole, kikarudi juu. Aliinua chupa kwenye mwanga akaona maji yamefanya ukungu na mapovu. Ilikuwa imekufa, Earlene, na haikuliwa na mtu. Aliibeba mpaka nyuma ya uzio, akachimba shimo, akaimwaga humo, akasimama hapo na jembe mkononi. Jirani alimsalimu hakusikia.

Aliporudi alizibeba tano zilizobaki, akazipanga mezani mbele ya Renita aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Washa oveni," akasema.

"Baba, una hakika?"

"Washa kabla sijabadilisha mawazo. Moja nimeshaizika, kama ulivyosema."

Chupa ya kwanza aliifungua mwenyewe kwa mkia wa kijiko. Kifuniko kikapumua, na harufu ya Julai ile ikaenea jikoni mwako. Lucious akakaa chini akalia. Tunakuambia wazi kwa sababu wewe ulikuwa ukimlaumu kwamba halii. Renita alimshika bega, akangoja.

Alipojifuta uso akasema, "Usimwage maji yote hayo. Mama yako alikuwa anaacha nusu, hiyo nyingine anaichemsha peke yake na siagi."

"Wewe umejuaje?"

"Unadhani nilikuwa nakaa kiti hiki kufanya nini miaka yote? Nilikuwa namwangalia."

"Na kungumanga? Sijawahi kuipata sawa."

Lucious akafikiri. "Alikuwa anaikuna mpaka nipige chafya. Nikipiga, anaacha."

"Baba, usinitanie."

"Ikune basi, uone."

Renita akakuna. Akakuna zaidi. Mzee amekaa kwenye kiti chake kile kando ya jiko, ametoa pua mbele, mzito kama jaji. Chafya ilipokuja ilitikisa vikombe. Renita alicheka mpaka akakaa sakafuni, na hicho ndicho kicheko cha kwanza tulichokisikia jikoni humo tangu ulipoondoka.

Jumapili, Mama Odell aliinua karatasi ya treya kama anavyoinua za wote, akauliza swali ambalo hakuna sahani inayowekwa mezani pale kabla halijajibiwa.

"Nani kapika?"

Watu wakageuka. Waliitambua treya kwa ule mbonyeo wake, na walijua mwenyewe hayupo.

"Mapichi ni ya Mama," Renita akasema. "Unga ni wangu. Chafya ni ya Baba."

Mama Odell hakuuliza chafya ndiyo nini. Alichota kijiko, akala, akafumba macho kidogo. Halafu akawageukia akina mama wengine.

"Sogezeni keki hizo," akasema. "Hii inakaa katikati."

Mchungaji alichelewa akisalimia wageni mlangoni, akakuta mabaki ya pembeni. Mke wa shemasi alirudi mara mbili.

Chupa zako Lucious ameziosha. Zimerudi kwenye rafu ileile, midomo chini, zote sita, hata ile iliyokufa, kama ulivyokuwa ukizipanga kungojea msimu. Asubuhi haingii tena stoo, anaanzia kwenye kahawa. Mwenye shamba la mapichi anasema miti iko salama, ni maua tu yaliyoungua, na Renita ameshamwekea oda ya mwakani. Yeye atasindika, baba yake atakaa kwenye kiti chake, na sisi wengine tutafunga midomo tuvisikilize vifuniko.

Unakumbukwa na mumeo Lucious, watoto wako Renita na Dwight, mkweo, wajukuu, Mama Odell na kanisa zima, na jirani yule uliyemsahihisha jinsi ya kuugua. Chupa ni tupu, Earlene. Wewe hujatuishia, wala hutatuishia.