Eda ya Magongo

Jumatatu, 27 Novemba 1989

Nimepata! Barua imefika leo saa nne. Botswana. Kufundisha Kiingereza sekondari, mji mdogo si mbali na Francistown. Mkataba miaka miwili, tiketi juu yao. Shule zinafunguliwa katikati ya Januari, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Wameandika hivyo hivyo, bila kuremba.

Pascalia naye amepata, shule nyingine lakini ndege moja. Pascalia ni Mtaita, anakaa Frere Town, tunafundisha pamoja. Alinikumbatia mbele ya watu pale posta mpaka nikaona haya. Treni ya Nairobi tutapanda Ijumaa, tarehe tano Januari.

Miaka kumi na moja nafundisha Kiingereza hapa Likoni, na mkuu wangu wa idara ni kijana niliyemfundisha mimi kusimama mbele ya darasa. Sasa ananiita "dada" na kunituma chaki. Basi na abaki na chaki zake.

Na Matano abaki na Magongo yake. Mwaka wa sita huu mume wangu yuko mtaa huo wa ng'ambo ya feri, kwa mke wa pili, Dorcas. Mimi kaniacha kwa mamangu, hanitaki wala hanipi talaka. Nimeiomba mara ngapi? Kila nikimtuma Mjomba Mwidani, jibu ni "ataangalia". Anaangalia nini miaka sita!

Jumamosi, 2 Desemba

Nimemwambia mama tu. Safari haitangazwi, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Utasikika utakapofika.

Mama kavumilia siku tatu. Leo anataka dua. Nimekataa. Anasema mtoto wake hatavuka nchi nne bila kuombewa, kwani mimi nimekuwa furushi? Tukabishana mpaka wali ukaungua. Nikakubali, watu wachache, majirani tu.

Kisha akasema na Kafedha naye aalikwe. Kafedha! Dada yake Matano! Nikasema hata kidogo. Mama akaniangalia vile vyake.

"Kafedha ni wifiyo mpaka kesho. Watu wale kwangu, yeye apite mlangoni asikie harufu ya pilau? Uso wangu nitauweka wapi?"

Huu uso wa mama utatuua sote. Haya, aalikwe.

Jumapili, 10 Desemba

Dua imesomwa. Ukumbi ulijaa, wengine wakakaa uani. Hao ndio "wachache" wa mama.

Kafedha alikuja na leso mpya, akala sahani mbili, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kisha akaniuliza naondoka siku gani. Nikasema Mungu akipenda. Akauliza tena. Mama, kutoka jikoni, akajibu: Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao!

Nilikaa na adabu yangu, nikatabasamu. Najuta kila jino nililoonyesha.

Jumanne, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Mjomba amekuja na kanzu, siku isiyo ya arusi wala maziko. Nikajua kuna jambo. Kakohoa, kaomba maji, kakohoa tena.

Mumeo amekuacha, akasema. Talaka moja.

Miaka sita. Leo!

Mama akaniambia kwa upole kwamba si ndiyo niliyokuwa nikiilia. Nimeingia chumbani. Siandiki zaidi, kalamu itapasuka.

Jumatano, 13 Desemba

Sasa nimelielewa lote, na afadhali nisingelielewa.

Mwanamke aliyeachwa anakaa eda. Twahara tatu, hedhi kwa hedhi. Kwa hesabu yoyote ile sitoki kabla ya Februari. Hasafiri, halali nje, hatembei mitaani. Mjomba kanieleza taratibu, kama vile mimi sijui, kama vile sikusoma chuo kimoja na watoto wake. Kisha akasema mvumilivu hula mbivu. Mjomba, mimi nimevumilia mpaka zimeoza!

Kafedha kamfikishia siku ya safari, na nimemwona Matano kwa akili yake. Angenikataza kama mume, Likoni nzima ingemcheka, maana hajaniletea hata dagaa tangu ahame. Angenyamaza, ningeondoka. Akaona anipe kile kile nilichoomba, akanifunga nacho. Na watu wanamsifu! Jirani amekuja kumwambia mama kwamba Matano amefanya uungwana, amemwacha mtoto wa watu huru.

Huru.

Jumamosi, 16 Desemba

Pascalia amevuka feri kuja kuniona. Nimemweleza. Akasema panda treni, Botswana nani atajua uko eda?

Nimemkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo hakustahili. Yeye anadhani naogopa watu. Watu wa hapa nimewazoea, wakichoka kusema wanalala. Lakini nimeswali alfajiri ya leo, na nitaswali alfajiri ya kesho, na siwezi kumwambia Mola wangu kwamba mpaka wake unaishia stesheni.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Matano haswali, ila sikukuu. Amechukua kitu changu, si chake, akanipigia nacho.

Pascalia hakununa. Aliniachia vitumbua na kusema tiketi yangu ya treni atainunua hata hivyo.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimemwomba mama amwite Maalim. Kaketi ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Mzee mpole, ana kifua, kila jambo anasema kuna kauli mbili.

Nikamuuliza, mwenye eda ya talaka moja, nyumba yake ni ipi? Akasema ni ya mume. Mwanamke huyo bado ana haki ya mke, hafukuzwi, analishwa na kuvishwa mpaka eda iishe.

Hapa ni kwa mamangu, nikasema. Nyumba ya Matano iko Magongo.

Nikamsikia Maalim akicheka ndani ya ndevu. Mama akasema "Astaghfirullah!" na kikombe kikaanguka.

Nikamuuliza tena, na mume akiniruhusu kusafiri ndani ya eda? Kuna kauli mbili, akasema. Moja hairuhusu. Ya pili yasema, maadamu ni talaka ya rejea, ruhusa ni ya mume, na wako wanavyuoni walioifuata. Yeye mwenyewe je? Kafikiri sana. Akasema hawezi kumfungia mtu mlango ambao wakubwa wake wameuacha wazi. Ila ruhusa itoke kwake Matano, kwa hiari.

Kisha akaniambia kwa sauti nyingine:

"Lakini ujue wendapo, mwanangu. Akisema 'nimekurejea' na mashahidi wawili wakasikia, umekuwa mkewe palepale. Radhi yako haiulizwi."

Nimejua. Nikibaki hapa, safari imekufa. Nikienda kumkalia Magongo mpaka aseme "nenda", huenda ikafa, huenda isife. Dawa ya moto ni moto.

Jumatano, 20 Desemba

Niko Magongo.

Mjomba ndiye aliyenileta. Hakutaka, lakini kauli ya Maalim ilimkaba. Nimembebesha sanduku la Botswana, lile kubwa, lote limepangwa, na kamusi mbili ndani. Kavuka nalo feri kichwani kwa sababu nilimwambia wazi, wewe ndiye uliyeleta talaka, basi na sanduku ni lako. Mama alilia. Nilimwambia alie kwa sauti, Kafedha asikie.

Dorcas alifungua mlango. Sikuwahi kumwona karibu. Mwanamke wa bara, Mkamba, mrefu, mikono ya kazi. Anauza chapati kwa watu wa makontena. Alisilimu alipoolewa akaitwa Zaituni, lakini kwa mtaa mzima bado ni Dorcas. Matano hayupo, kapeleka lori Malaba.

Nikamwamkia, nikamweleza nimekuja kukaa eda kwa mume wangu kama sheria inavyotaka. Akamwangalia Mjomba. Akaliangalia sanduku.

"Na hiyo eda ni ya siku mbili ama tatu?"

Nikamwambia mpaka Februari. Huenda Machi.

Jumamosi, 23 Desemba

Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Mimi niko sebuleni, nyuma ya leso iliyofungwa kamba. Nalala kwenye makochi ya Matano. Miaka sita nimelala kwenye kitanda cha kamba kinachobonyea, yeye ana makochi!

Nadai haki zangu moja moja. Nimeomba nazi. Nimeomba samaki, si dagaa wa omena. Nimeomba maji ya moto ya kuoga. Simwombi Dorcas, nauomba mfuko wa Matano, na pesa aliyoiacha kabatini Dorcas ndiye mwenye ufunguo. Leo jioni amefungua kabati kwa hasira, akahesabu, akafunga. Ameniambia Matano alimwambia mimi nilishaachwa zamani. Tangu kabla hajamwoa.

Nikamwambia basi tumedanganywa wawili. Samaki aliyemkaanga usiku alikuwa changu mzima.

Jumanne, 26 Desemba

Amerudi.

Nilimsikia akiegesha, akiimba. Akaingia akiimba. Akaiona leso kwenye kamba, akauliza ni nguo za nani. Nikajibu kutoka ndani: "Ni za mkeo, yuko edani. Karibu, baba."

Aliacha kuimba.

Alitoka, akaingia, akatoka. Akasema nirudi Likoni. Nikamwambia mwenye eda hafukuzwi, muulize Maalim. Akasema atanipa nauli. Nikamwambia nipe ruhusa ya Botswana, sema tu "nenda", ninaondoka kesho kwa pumzi moja. Akacheka! Akasema mwanamke asome Kiingereza akakisemee Botswana, na yeye watu wamwulize mkewe yuko wapi?

Mkewe. Sasa ndiyo nimekuwa mkewe.

Laiti ningekuwa na kitu mkononi. Nilikuwa na kamusi, na kamusi ni ya shule.

Jumatano, 27 Desemba

Dorcas amekuja upande wangu wa leso, mara ya kwanza. Kakaa chini, anasukuma chapati. Akaniuliza Botswana ni mbali kiasi gani. Nikamwambia baada ya Tanzania, baada ya Zambia. Akasema ni pazuri, ni mbali.

Kisha akasema nisimchukie, yeye hana shida na mimi kama mtu. Nikamwambia na mimi sina. Nikashangaa kwamba ni kweli. Nilikuja na hasira ya watu wawili, na wa pili simwoni tena. Kosa lake ni chumvi nzito tu mchuzini.

Ameahidi atasema naye. "Hapa ndani mke ni mmoja," akasema. "Huyo mwingine aende zake akafundishe. Nitamwambia hivyo asubuhi na jioni mpaka masikio yatoke moshi."

Alhamisi, 28 Desemba

Dorcas amemwambia jana jioni na leo asubuhi, na chapati hakumpa. Matano anazunguka nyumba yake mwenyewe, hana pa kukaa, makochi nimekalia mimi.

Mchana alisimama upande wa pili wa leso, akauliza kwa sauti ya chini kama nikienda nitarudi. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kiburi. Nikamwambia mkataba ni miaka miwili. Akasema atafikiri, kesho ni Ijumaa, nimpe mpaka baada ya swala.

Nimelikunjua gauni la safari, nikalikunja tena. Inshallah.

Ijumaa, 29 Desemba

Saa nane na nusu. Naandika mbiombio.

Amerudi kutoka msikitini. Ameswali! Nilifurahi, nikasema moyo umelainika. Nikachungulia dirishani. Wako barazani. Matano, kanzu imepigwa pasi. Mjomba Mwidani. Na wanaume wawili nisiowajua, wazee wa msikitini, na tasbihi mkononi.

Wawili.

Ruhusa haina haja ya watu wawili. Angetaka kunipa ruhusa angesema neno moja hapa kwenye leso, akalala. Mashahidi ni wa kitu kimoja tu.

Ananirejea. Hanitaki, hataki niwe pamoja naye, hataki hata nile samaki wake. Ananirejea ili nisipande treni! Na akisema tu, wakasikia, nimekwisha, maana mume anayenilisha akinikataza hakuna wa kumcheka. Hata mlango hana haja ya kuufungua.

Dorcas kaniuliza wale wazee ni wa nini. Nikamwambia. Nilidhani atalia. Akauliza swali moja, kama darasani: ni lazima wasikie?

Nikamwambia lazima wasikie.

Sasa hivi yuko mlangoni. Ana sufuria ya chapati na mwiko wa chuma, anagonga. Anagonga na kupiga kelele za Kikamba, mtaa mzima umetoka. Namwona Matano anafungua mdomo, anafunga. Wazee wameziba masikio. Mjomba anainua mikono. Matano anafungua tena. Dorcas anaongeza. Ananiita jina langu, Mwanamkasi, wewe mwalimu, amka, mkono unachoka!

Kifuniko kikubwa kiko hapa juu ya jiko, nacho kinagongeka. Naweka kalamu