Mama Mkwe Anaitwa Mwongo kwa Sababu ya Asali Yangu

Shangazi Nelius, naomba unisikize hadi mwisho kabla hujanikemea, kwa sababu najua utanikemea. Nimeolewa hapa karibu na Runyenjes lakini kwetu ni Siakago, huko chini kwenye joto na mizinga ya nyuki, na mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari tangu mwaka juzi, na kilichomvunja moyo si dawa bali ni chama chake cha akina mama, maana ni mwanamke aliyezoea kula na wenzake, sasa wakikutana yeye anashika kikombe cha chai isiyo na sukari huku wengine wanakula maandazi, anasema ameshiba.

Ndiyo nikaanza kumtengenezea vile vitafunio vya mviringo ambavyo watu wa mazoezi hununua mjini, nakaanga njugu na simsim, naongeza oti na makadamia zetu zilizovunjika, natwanga, nafinyanga kwa mkono. Mara ya kwanza vilivunjika vyote vikawa unga, mume wangu Mutugi akacheka akauliza kama ni chakula cha kuku. Basi nikachukua asali ambayo baba yangu hunitumia kutoka nyumbani, nikamimina, vikashikana vizuri kabisa. Na Shangazi, kwetu asali si sukari, asali ni dawa! Mtoto akikohoa ni asali, ukiungua ni asali, mzee akiishiwa nguvu ni asali, hata posa haiendi bila asali. Kwa hivyo nilimwambia mama bila kupepesa macho: kula, hivi havina sukari.

Akala! Alivibeba kwenye mfuko wa aproni hadi chamani, akagawia wenzake, akawaambia, “Mkamwana wangu amenirudisha mezani.” Siku hiyo alirudi akiimba wimbo wa kanisa kutoka barabarani, na mimi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, haki. Tangu hapo nikawa natengeneza kila wiki na yeye anakula anavyotaka.

Kisha kliniki wakampima wakapata sukari imepanda, na safari iliyofuata ikapanda zaidi, na wiki hiyo hiyo nikamsikia daktari redioni akisema kwamba kwa mgonjwa wa sukari asali nayo hupandisha sukari. Mama alikuwa amemwapia nesi kwamba hajaonja hata soda. Mutugi na dada yake Rwamba, ambaye ni mwalimu Nairobi, hawakumwamini. Jumapili baada ya kanisa walimweka sebuleni kama mtoto wa shule, Rwamba akapekua kabati lake akitafuta biskuti, na Mutugi akasema, “Mama, usitudanganye. Unakula kwa kujificha.” Mama akajibu, “Mimi sijala sukari. Muulize mke wako, yeye ndiye hunipikia.” Akaniangalia. Na mimi, Shangazi, nikainuka nikaenda jikoni kuangalia maziwa.

Sasa daktari anafikiria kumwongezea dawa, na Rwamba anasema shule zikifungwa atamhamishia kwake Nairobi ili achungwe, na mama analia kwa sababu hataki kuacha shamba lake la majani chai na chama chake. Nikisema, watasema nilitaka kumuua, unajua vile mkamwana huongelewa, tena mkamwana wa kutoka huko chini. Nikinyamaza, atapelekwa akiwa anaitwa mwongo. Nimewaza niondoe asali kimyakimya, sukari ishuke, mambo yaishe yenyewe. Si hiyo ni afadhali? Tafadhali nijibu haraka.

Mkamwana wa Runyenjes

SHANGAZI NELIUS ANAJIBU

Pole binti yangu, na usithubutu! Hiyo kimyakimya yako ni hatari kuliko asali yenyewe. Daktari anapanga dawa akidhani kwamba mama hali kitu kitamu. Akiongeza dawa, halafu wewe uondoe asali bila kumwambia mtu, sukari ya mama inaweza kushuka ghafla aanguke huko shambani akiwa peke yake. Hapo utanieleza nini?

Kosa la asali sikulaumu sana. Mimi nimelelewa Kaaga na nyanya aliyetibu kila kitu kwa asali, kuanzia kikohozi hadi huzuni, na ningeapa kama wewe. Lakini kwenda kuangalia maziwa! Ai, binti yangu! Mama wa watu anakuomba umtetee mbele ya watoto wake, wewe unaenda kuchungulia sufuria? Hilo ndilo la kuombea msamaha, na usilifunike kwa habari za redio.

Leo hii ukimaliza kusoma, weka gazeti chini umtafute mama popote alipo. Mwambie mkiwa wawili, kabla ya mtu mwingine. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, wewe usiondoke. Kisha mwende kliniki pamoja, ubebe hivyo vitafunio na asali yenyewe, umweleze nesi anakula vingapi na tangu lini. Dawa zake asiziguse mtu mpaka daktari aseme. Na hayo ya kuitwa muuaji yatoe kichwani. Muuaji hajipeleki kliniki akiwa amebeba ushahidi.

Kupika nako usiache, nisikie vizuri. Huyo mama alirudi mezani kwa mikono yako, usimrudishe kwenye kikombe kikavu. Shida yako ilikuwa kushikana tu. Twanga njugu zikiwa bado moto, twanga hadi zitoe mafuta zenyewe na kulainika, kisha dondosha maji moto kidogo sana, utaona zinakaza. Hapo ndipo utie simsim, makadamia na mdalasini, ufinyange kabla hazijapoa, tena vidogo. Usitie tende wala ndizi mbivu ukidhani umekwepa, hizo nazo zina sukari. Oti pia ni wanga, kwa hivyo nesi akwambie vinatosha vingapi kwa siku, na mama akubali hesabu hiyo. Asali ya baba yako mpe Mutugi kwenye chai, labda itampunguzia ukali.

Halafu Jumapili, wakiwa wamekaa, ingia sebuleni. Rwamba mpigie simu aje. Akitaka kupiga kelele apige, akimaliza mwambie kwa adabu kwamba mama mzima hapekuliwi kabati, na kwamba hakuna wa kuhamishwa. Wote wawili wana msamaha wa kuomba, si wewe peke yako.

Lakini ukifungua mdomo usianze na baba yako, wala nyuki, wala machozi yako. Mama yuko hapo amekaa, bado anangoja jibu. Mwangalie Mutugi usoni umwambie: “Mama hakudanganya.” Mengine yote yaje baadaye.