Jiwe Letu la Kukalia

Veneranda uko wapi? Pokea simu basi, nitalia mbele za watu!

Niko Liuli. Tumeshuka kwa miguu kutoka milimani kule Mbinga na wageni wa Joakim. Ndiyo, mchumba wangu, si ndiye anayewaongoza.

Sasa kuna huyu Jacqueline wa Dar. Asubuhi kasema ni mara yake ya kwanza kufika huku. Ya KWANZA!

Tukapita shamba la ngolo, kile kilimo cha mashimo na matuta. Wageni wote wanatumbukia kwenye mashimo, hata mimi wa Songea, Joakim ilibidi anishike mkono. Yeye anatembea juu ya matuta kama kazaliwa kijijini Mbuji, kwenye ngolo zenyewe. Hata chini haangalii!

Tukaingia msituni. Njia nzima namwangalia miguu tu.

Tukatokea kileleni, ziwa lote hilo chini yetu. Joakim akaninong'oneza, "Hapa sijawahi kumleta mwanamke mwingine." Nikayeyuka, mjinga mimi.

Mara Jacqueline huyo, kwa sauti: "Joa, lile jiwe letu la kukalia liko wapi?"

Jiwe LETU. Vene, jiwe LETU!

Nikamgeukia Joakim. Kainama, eti anafunga kamba za viatu.

Kavaa ndala.