Gari la Mwanangu Halijatoka Uani

Jumatatu, 3 Machi

Nesi kaja asubuhi kubadilisha bandeji. Huyu nesi mdomo wake haufungwi, anaanza kusema langoni na anamalizia langoni. Leo alipoufunua mgongo akanyamaza. Nikajua. Baadaye jikoni akaniambia kidonda kimekwenda ndani, dawa ya kupaka haifui dafu tena. Lazima daktari wa upasuaji akikate, akisafishe, akifunike. Na mapema. Nikamwuliza mapema ndiyo lini. Akasema, Mama, mapema ni mapema.

Nikamwambia, lakini nywele umeona nilivyomnyoa? Maana mwanangu simwachii mtu amzibie pua. Ananukia sabuni kuliko hao wanaotembea. Nesi mwenyewe anakiri hajaona mgonjwa wa kitandani msafi kama wangu. Kidonda kimekuja vilevile. Ni kulala tu. Mwili haukuumbwa kulala hivyo.

Na dereva kama yule mtaa huu hautampata tena! Maharusi walikuwa wanasogeza tarehe ili wampate yeye. Ajali hata moja hakupata. Siku hiyo akaegesha gari vizuri, akashuka, akavuka barabara kununua maji — pikipiki ikamzoa. Gari halina hata mkwaruzo. Uti wa mgongo ndio uliokatika.

Kila asubuhi nikishamlisha naenda uani kuliwasha. Kuendesha sijui, lakini kuwasha najua, alinifundisha mwenyewe kwa mdomo: gia iwe huru, mguu mbali, ufunguo taratibu. Linanguruma pale chini ya dirisha lake, naye anafumba macho anasikiliza. Aliniambia mara moja tu: Mama, siku nikiamka gari halipo, nitajua mmeshanizika.

Leo nimeliwasha, halafu nikabaki nimekaa kwenye usukani. Kingine cha kuuza nyumba hii haina. Nimeizunguka kwa macho yote.


Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa dalali wa magari. Ofisi yake ni kiti cha plastiki pale kwa wazibua pancha, mguu mmoja umefungwa waya. Shikamoo kanipa vizuri. Nikalisifia gari mpaka jasho likanitoka. Limeendeshwa na mtu mmoja, mikono yake myepesi kama ya mkunga, viti bado vina nailoni!

Akauliza kodi ya barabara inaisha lini. Nikasema ilishaisha. Lini? Tangu mwanangu alale. Akapiga paja lake. "Mama yangu, hiyo gari ni bibi harusi hana meno!"

Nikamjibu meno anayo, tena yote, ni cheti cha ndoa tu ndicho hana. Wale wa pancha wakacheka, mmoja akaangusha spana. Dalali kaona aibu kidogo. Akasema ataleta mtu Jumamosi.

Nikampa sharti. Ukija kwangu wewe ni fundi. Neno bei usilitaje mpaka tuko nje ya lango. Akanitazama. Kwani mwenye gari hajui? Nikamwambia mwenye gari nimemzaa mimi.

Nimerudi nimemkuta macho kwenye dari. Mama umetoka wapi? Sokoni. Mbona kikapu kitupu? Nikasema bei zimepanda. Huu mdomo wangu!


Ijumaa, 7 Machi

Leo mtu asinisemeshe, mgongo unaniuma, lakini gari linang'aa!

Usafi mimi sifundishwi. Nimeanza na matairi, nikaja milango, vioo nimevifuta kwa gazeti. Halafu nikafungua boneti. Masizi! Mafuta! Nikasema hapana, mteja hatafungua boneti ya mwanangu akakuta jiko la kuni. Nikachukua sabuni ya unga na steelwire ya kusugulia sufuria, nikaingia mzimamzima. Ndoo baada ya ndoo. Kila waya nimeupitia. Kuna kikofia kimoja cheusi chenye nyaya, nimekisugua mpaka kikaonyesha maandishi.

Shoga yangu wa nyumba ya pili kachungulia ukutani. We bibi, unaosha injini au unapika? Nikamwambia wivu tu, la mumeo limeoza hata kunguru halilalii.

Yeye ndiye peke yake niliyemwambia. Akaacha kucheka. Akasema mwambie mtoto. Ni mtu mzima yule, mwambie. Nikasema nitamwambia. Sikusema lini.


Jumamosi, 8 Machi

Haliwaki!

Nimezungusha ufunguo — nyeee, nyeee, nyeee, basi. Tena. Tena. Jasho limenitoka mpaka kisogoni. Na yule mteja anakuja saa tisa. Dirishani nikasikia: Mama? Mama, kuna nini? Mbona limenyamaza?

Nikaingia ndani na ufunguo mkononi. Nikamwambia nimeliosha kidogo. Umeosha nini? Injini. Kwa nini? Kwa sabuni. Akafumba macho nikafikiri ameumia. Kumbe anacheka! Mwanangu kacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua. Miezi mingapi sijasikia sauti ile!

Halafu akawa dereva tena. Mama, fungua boneti. Kuna kikofia cheusi... Nikasema nakijua, tumeonana jana. Kina vibanio viwili, vifungue, usivute kwa nguvu. Ndani kuna maji? Nikatoka, nikarudi. Kuna maji. Futa kwa kitambaa kikavu, si hicho cha jikoni! Nyaya usizichanganye, toa mmoja, futa, rudisha, ndipo utoe wa pili. Plagi zianike juani. Nimekwenda na kurudi kama mwanasesere, kila mara namwita dirishani, naye ananipigia kelele kana kwamba mimi ni utingo wake. Sio huo! Wa kushoto! Kushoto kwako au kwangu? Kwa gari, Mama, gari lina kushoto kwake!

Likawaka. Likatoa moshi mweupe kisha likatulia. Nikapiga vigelegele mwenyewe pale uani, sina haya. Yeye akasema, sikiliza, linahema vizuri kuliko mwanzo. Akala chakula chote, akaomba tena. Tena!

Saa tisa dalali akaja na mteja wake, muuza mitumba, mtu mnene mpole, anajipangusa uso kila saa. Nimewapitisha kama mafundi. Mteja akafungua boneti, akasema hii injini ni ya kuendeshwa au ya kupakuliwa? Akaliwasha. Kutoka dirishani mwanangu akaita, fundi, mwambie asilikanyage sana likiwa baridi! Mteja akaondoa mguu haraka. Akasema sawa, kaka. Kisha akauliza kama viti vya nyuma vinatoka, apakie marobota.

Nje ya lango kasema analitaka. Nilijua! Ila ameshaungua mara moja, alinunua gari lenye kodi iliyokufa, askari wakalilaza kituoni mpaka likaota majani. Kwa hiyo kodi isafishwe kwanza, na mwenye gari aweke sahihi.

Mwanangu ndiye aliyelitengeneza. Mimi nimemfanya alitengeneze. Siwezi kuandika zaidi.


Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya kodi, mimi, dalali na mteja. Foleni mpaka kwenye ngazi. Karani ni kijana wa kike, kucha ndefu, kibodi inalia kama mvua juu ya bati. Akasema deni la miaka na faini juu yake. Nikamwuliza faini ya nini? Ya kuchelewa. Nikasema binti yangu, hii si kodi ya barabara? Ndiyo. Gari halijatoka uani tangu mwenyewe alale! Barabara halijaiona hata kwa darubini! Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, wengine wananisaidia.

Akasema, Mama, mfumo hauna habari gari liko wapi. Mfumo unajua gari lipo. Ungekuja mapema kusema limeegeshwa ungepewa msamaha.

Nani angeniambia? Wakati ule mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtu.

Mteja kakubali deni likatwe kwenye bei. Ni mtu mzuri, naona uchungu hata kumchukia. Bado sahihi. Karani kasema mwenye gari asiyeweza kushika kalamu ataweka dole gumba, na fomu ya kuhamisha gari akanipa nije nayo nyumbani. Mkono wa mwanangu kalamu haushiki, kijiko nacho kwa shida.

Tukiwa kwenye ngazi dalali kanisogelea. Mama, si anapewa dawa za usingizi mchana? Kidole ni kidole, hakina macho.

Nikasimama palepale. Nikamwambia mwanangu si marehemu wa kuchukuliwa alama! Wewe umezaliwa na mtu au umeokotwa chini ya lori? Watu wakageuka. Akasema samahani, mama yangu, nilikuwa natafuta njia. Nikamwambia njia zako pitisha kwa wa kwenu.

Nimejibu vizuri. Nimetembea mpaka nyumbani kichwa juu.


Jumanne, 11 Machi

Homa. Nesi kaja mara mbili. Kuna harufu sasa, hata sabuni yangu imeshindwa. Nimefungua dirisha, nimechoma ubani, bado. Mwanangu kaniomba radhi kwa harufu. Kaniomba radhi mimi! Niliyemfulia nepi!

Nesi katafuta nafasi hospitali kwa simu yake mwenyewe. Kitanda kipo Jumatatu ijayo. Wanataka malipo ya mwanzo kabla, vinginevyo anapewa mwingine.

Jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda ili nimwambie. Nikaanza: baba, lile gari... Akasema lina nini? Limekataa tena? Macho yamemtoka. Nikasema halina kitu, limewaka vizuri. Akasema ndio maana silali vibaya, Mama, nikilisikia najiona nitakuja kushuka kitandani. Nikamwambia utashuka. Nikamkanda miguu. Miguu mizuri hii, ya baba yake.


Alhamisi, 13 Machi

Nimewasha gari. Homa iko palepale. Jana sikuandika. Leo alisikiliza lakini macho hakufumba, alikuwa ananitazama mimi kupitia dirishani nikirudi. Shoga yangu kaleta uji akauliza umemwambia? Nikamjibu vibaya. Akaacha uji mlangoni.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika jikoni.

Wamekuja mchana, dalali na mteja. Dalali na kidau chake cha wino. Mteja na bahasha. Wakakaa sebuleni kama watu wa posa, magoti pamoja. Mwanangu amelala, dawa imemchukua. Nikasema ngojeni.

Nilisema nini Jumatatu kwenye ngazi? Nilipiga kelele mbele za watu. Leo nimeingia na kidau mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Nikapiga magoti. Nikaushika mkono. Umekuwa laini! Huu mkono ulikuwa na sugu za usukani, alikuwa akinikuna mgongo nikisema polepole unanichubua. Sasa kama wa mtoto wa siku arobaini. Nikatoa dole gumba nikalibonyeza kwenye wino. Halikupinga. Nikageuka kuchukua fomu.

Nikasikia, "Nani kanunua?"

Amefumbua macho. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo! Anatazama kidole chake cheusi kama cha mtu mwingine.

Nikasema muuza mitumba. Akasema yule mnene wa Jumamosi? Nikasema wewe umejuaje? Akasema Mama, fundi gani anauliza viti vinatoka?

Nikaanza kueleza. Kidonda, kitanda cha Jumatatu, kodi, nilieleza yote kwa pamoja na hayakuwa na kichwa wala miguu. Akaningoja nimalize. Akasema, "Umemwambia gia ya pili ni korofi? Lazima apite ya tatu kwanza kisha airudie, la sivyo ataisaga."

Nikasema sikumwambia. Sijui mambo hayo mimi.

"Mwite aje."

Kwa hiyo yuko humo sasa. Kavua viatu mlangoni, mtu mzima yule, akaingia na soksi iliyotoboka, akasema pole kaka. Mwanangu kamwambia akae karibu maana hawezi kupaza sauti. Nami nimetoka. Harufu ile, mteja hakuziba pua, nitamkumbuka kwa hilo.

Nasikia mteja, ndiyo. Ndiyo kaka. Ya tatu kwanza. Na breki? Ndiyo. Mwanangu namsikia kidogo tu, kama redio ya jirani. Anaeleza muda mrefu. Hakika kila kitu cha gari lile anakijua, nani kama yeye! Sasa anamweleza namna ya kuliwasha asubuhi. Asilikurupushe. Alisikilize kwanza.

Dalali kaja kusimama mlango wa jikoni. Anasema Mama, wino utakauka. Nimemwambia ukauke.

Fomu ninayo mimi, nimeikalia. Ni nyeupe pale chini, pa kidole.

Kisha sauti yake, safari hii ameipaza, sijui kaitoa wapi.

"Mama! Leta karatasi."

Sijainuka.