Majembe Matano ya Kwenda Diani

Wanja, uko? Nimejifungia jikoni.

Si unajua tunaenda Diani mwisho wa Oktoba? Leo familia yote tumekaa kupanga watoto watafanya nini huko nje, mvua ikituharibia kuogelea. Mimi nikasema watembee ufukweni watafute kaa. Baba mkwe akakohoa. "Mvua ikinyesha, tunapanda maharagwe."

Maharagwe, Wanja! Baharini!

Nikadhani ni mzaha. Kumbe mbegu ameshachagua! Majembe ni matano, na moja ni la Karwirwa wangu wa miaka sita!

Ati mzee, tangu azaliwe hapa Mikinduri, hajawahi kuona mvua ya kwanza ikinyesha na yeye amekaa tu, na hawezi kuanza leo na miaka sabini na nane.

Nikampigia yule mama mwenye nyumba tuliyokodi, nikaweka spika ili amkatalie mzee mwenyewe. Mama akashangaa, "Maharagwe?" Nikajua nimeshinda.

Halafu akauliza, "Mzee, na mbolea mtakuja nayo?"

Aki mbolea!

Sasa mzee yuko zizini, anaimba, anajaza gunia la tatu. Na gari tunaloenda nalo ni langu.