Nusu Kidonge, Maji ya Kiden

Jumatatu, 6 Februari 1989
Nimekata kidonge kwa wembe tena. Nusu yangu, nusu kwenye kopo. Unga ulibaki mezani, nikaulamba. Mimi, dereva niliyerudisha lori la jeshi kinyumenyume kutoka Kaya mpaka Koboko, giaboksi imekufa, askari wamejaa nyuma wanaimba. Leo nalamba meza.

Daktari wa hospitali kule Kuluva alisema polepole. Umekula hizi dawa za wasiwasi miaka mingi, Mzee Juma, mwili umezizoea, huwezi kuziacha kama kuvua kofia. Nusu kwanza. Halafu robo. Nikamwambia mimi sigara niliacha asubuhi moja, mchana nikawa nimesahau moshi iko namna gani. Hakucheka.

Kiden anaolewa mwezi ujao, kule Dranya. Ni mtoto wa marehemu dada yangu Poni. Mjomba ndiye anamwaga maji kwa kibuyu kichwani mwa mtoto wa dada yake na kumsemea maneno, ndipo binti anatoka nyumbani. Mjomba ni mimi. Na dawa hii inafanya ulimi mzito. Kwenye matanga ya jirani nilisahau jina la marehemu katikati ya hotuba. Watu wakaangalia chini. Sitaki kufanya vile juu ya kichwa cha mtoto wa Poni.

Alhamisi, 9 Februari
Ringi moja ya baiskeli tangu asubuhi. Spoki haiingii kwenye tundu, au mkono hauingii kwenye spoki. Cherehani ya Ratibu iko karibu na benchi yangu, anaona kila kitu. Ameuliza: "Fundi, hiyo ringi unanyoosha ama unaichezesha ngoma?" Watu wakacheka. Nilisema malaria.

Mkono ukitetemeka siku ya maji, watu hawasemi malaria. Wanasema mjomba iko na kinyongo. Wanasema binti hatazaa, na akichelewa kuzaa watakumbuka kibuyu.

Jumamosi, 11 Februari
Soko limejaa. Ratibu kaanza tena, mbele ya wauza chumvi. Nikasimama. Nikasema dawa nimeshaacha, kopo lote nimetupa chooni, mwili wangu ni wa chuma cha lori, mutu kama mimi hakati kidonge kama mwanamke anakata sabuni. Wakapiga makofi. Mmoja kaninunulia chai.

Nimefika nyumbani nikalitupa kopo kweli. Uongo mkubwa mimi nauweza. Huu mdogo ulinishinda.

Mke wangu Asha hajui.

Jumapili, 12 Februari
Masikio yanapiga filimbi. Mwanga wa mlango unauma. Jasho, baridi, jasho. Asha amepika enyasa, ugali wetu, na mboga, sikugusa. Anasema uso wangu umekuwa wa majivu.

Jumanne, 14 Februari
Naogopa. Kuku akipiga mabawa naruka. Ngozi inatembea peke yake.

Na Poni amerudi. Si mzimu, mimi sina mambo ya mizimu. Ni kumbukumbu tu, lakini inakaa kitandani. Alikufa kambini, upande wa Sudan, homa, wakati tulipokimbia vita. Nilichimba mwenyewe. Sikulia, kwa sababu Kiden alikuwa mdogo na alikuwa ananiangalia. Jioni ile nesi wa kambi akanipa kidonge cha kwanza, nipate usingizi. Nikapata. Nikaomba kingine.

Sokoni huwa nasimulia namna nilivyombeba Poni mgongoni kuvuka mto, mamba nyuma, risasi mbele. Watu wanaipenda hiyo. Huwa naishia ng'ambo ya mto. Hakuna aliyewahi kuuliza baadaye ilikuwaje.

Jumapili, 19 Februari
Sasa naweza kushika kalamu. Haya nimesimuliwa na Asha. Jumatano nilianguka kwenye benchi, kati ya baiskeli. Mwili ulitupwa huku na huku, ulimi nikauuma. Ratibu aliacha cherehani akanishika miguu. Kiden alishika kichwa. Wakanipakia kwenye lori, juu ya magunia ya tumbaku, mpaka Kuluva.

Daktari alisema si malaria, si pepo. Kuacha ghafla namna ile kunaweza kuua mtu. Kanirudisha kwenye kidonge kizima, tutashuka tena, taratibu kuliko mwanzo. Nikamwambia harusi ni mwezi ujao. Akasema harusi haitangoja dawa yako, Mzee, na dawa yako isikimbizwe na harusi.

Kopo sasa linakaa kwa Asha. Analifunga kwenye kitambaa chake kama pesa.  Nimemkosea.

Jumamosi, 4 Machi
Habari imefika Dranya. Shangazi wa bwana harusi amekuja, mama mnene mwenye heshima, akanywa chai, akazunguka maneno. Mwisho akatoa: kuna binamu wa marehemu Poni kule Lurujo, mtu wa mikono mitulivu. Je, yeye si mjomba pia?

Nikasema ni mjomba pia. Nikasema sawa, amwage yeye. Nilisema haraka, nisisikie nimesema nini.

Kiden alikuwa anapepeta mtama nje. Akaingia na ungo mkononi. "Mama, huyo wa Lurujo hajui hata mama yangu amelala wapi. Asiponimwagia mjomba huyu, siendi." Akatoka.

Shangazi akaomba chai nyingine. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba.

Jumanne, 14 Machi
Nimeshuka tena mpaka nusu. Usingizi mbovu. Mkono bado.

Natayarisha maneno. Nitaweka lori, mto, mamba. Watacheka, hawataangalia mikono.

Jumamosi, 18 Machi
Nimemwaga.

Watu walijaa uwanja wa nyumba yetu. Kiden alipiga magoti. Nilipoinua kibuyu mkono ukaanza, mbele ya watu wote wa Dranya, maji yakaenda kwenye sikio lake, begani, kwenye viatu vyangu.  Nikatafuta lori. Halikuja. Mamba pia hakuja.

Nikasema: Poni, huyu mtoto wako. Basi. Jina lile sikuwa nimelisema kwa sauti ya kweli tangu kambini, lile la sokoni ni la hadithi. Nikalia. Mbele ya watu, kwa sauti, mwanaume mzima, na kibuyu bado mkononi.

Kiden hakunishika mkono. Alifuata maji kwa kichwa. Yakienda kushoto, naye kushoto. Yakirudi, naye anarudi, macho amefumba, mpaka kibuyu kikaisha.

 Halafu yule shangazi wa Dranya akamtazama Kiden, nywele zinachuruzika mpaka kifuani. Akasema, "Huyu amelowa vizuri." Akapiga vigelegele yeye wa kwanza.

Jumatatu, 20 Machi
Nyumba kimya. Ungo wa Kiden umetundikwa ukutani, hakuuchukua.

Asha amefungua kitambaa, akanipa kidonge na wembe. Nimekata. Nusu yangu, nusu yake ya kutunza. Bado ni nusu. Robo iko mbali.

Ringi moja asubuhi yote. Ratibu alinishikia upande wa pili. Poni yuko, tangu juzi hajaondoka. Nimefanya kazi naye hivyo hivyo.

Ringi imenyooka kiasi.