Mbio za Baiskeli Zisizofika Mkokoni

Jumanne, 9 Julai
Nimepeleka barua za ofisi, nimerudi Mkomani tunakokaa sasa, nimeswali adhuhuri. Mguu wa kulia unauma. Kusi inavuma tangu asubuhi.

Bwana mkubwa wa ofisi yetu ya serikali ameniita. Kuna kampuni inayouza baiskeli inataka kufanya mbio, wiki tatu nzima, washindani wa kulipwa, kutoka bara mpaka huku kwetu. Mtu wao amekuja kukagua njia na anataka mwenyeji wa Mkokoni, kijiji chetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka barua huko kwa baiskeli kabla mashifta, wale majambazi wenye bunduki, hawajatutoa majumbani. Nimekubali hata hajamaliza kusema.

Tangu tukimbie sijakanyaga nyumbani.

Mke wangu Zuhura aliposikia aliacha kuchekecha unga.  Binti yetu Mwanaesha yuko kule, kaburini, na hakuna wa kumfyekea majani.

Jumatano, 10 Julai
Mkaguzi ni Bwana Josefu, mwalimu, mtu wa bara, Mkristo. Mpole sana. Zamani naye alikuwa akishindana, mpaka goti lilipovunjika. Ametandaza ramani mezani akanieleza hadi nikaelewa. Wiki ya kwanza njia tambarare, miguu izoee. Ya pili milima. Ya tatu ndiyo inayomsumbua. Toka Mombasa kuja kaskazini hakuna mlima hata mmoja. Anayeongoza atajificha nyuma ya wenzake, wamkinge upepo mpaka mwisho. Mbio zimekwisha na wiki nzima imebaki.

Nikafikiri Ramadhani. Kumi la mwisho ndilo zito. Mfungo ambao kumi la mwisho ni la kulala tu, mfungo gani huo? Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Ndiyo hiyo, Bwana Athmani. Nitafutie kumi la mwisho."

Na jambo kubwa ni hili. Siku ya mwisho ikipita Mkokoni, serikali itafyeka njia ya zamani ya kwendea huko na kuweka kituo cha polisi, na watu wetu waliokimbilia kisiwa cha Ndau wataruhusiwa kurudi. Bwana mkubwa amesema mwenyewe. 

Alhamisi, 11 Julai
Tumekwenda kwa mashua ya injini, askari wawili, baiskeli mbili. Njia ya ndani haifai. Mchanga laini, miiba, gurudumu linazama. Bwana Josefu alishuka akasukuma. Akasema mbio si kubeba baiskeli begani.

Kisha tukatokea ufuoni. Allahu akbar. Bamvua, siku za maji makubwa, nayo yamekupwa mbali, mchanga umekaza kama sakafu ya chokaa. Bwana Josefu akapanda akaenda mbio kama mtoto, upepo ukimpiga ubavuni. Akarudi anahema. Hapa upepo utawakata vipande vipande, anasema, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Hapa ndipo mbio zitakapoamuliwa.

Akauliza, "Ufuo uko hivi siku zote?"

Nikasema uko hivi. Nilikuwa natazama ule mti wa mkungu wa makaburini. Akili yangu haikuwa kwenye baiskeli.

Askari walinipa muda kidogo. Majani yamenifika kiunoni. Jiwe la kichwani pa Mwanaesha limelala. Nimelisimamisha. Nimesoma Fatiha, nimeanza Yasini, wakaniita.

Ijumaa, 12 Julai
Nimemwambia Zuhura habari ya jiwe. Amelia, halafu akacheka, halafu akauliza njia itafunguliwa lini.

Jumapili, 21 Julai
Ndau. Furaha tupu. Shemeji yangu Shee, kakake Zuhura, ameshakata boriti za nyumba mpya, amezipanga mlangoni. Mbele ya watu wote akaniuliza: "Shemeji, hao wenye suruali fupi wakipita, tuwape mai ya kunwa au tuwafinike mapaja kwanza?" Vikongwe walicheka mpaka wakajifuta macho. Sijawaona wakicheka hivyo tangu tuihame nti yetu.

Zuhura amejaza marashi kwenye mrashi wa mamake, ile chupa ya kunyunyizia. Ya kumnyunyizia mtoto kaburini, anasema.

Jumatatu, 29 Julai
Siku imetajwa. Washindani watapita Mkokoni tarehe mbili Septemba. Kazi ya kufyeka itaanza katikati ya Agosti. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 2 Agosti
Baada ya sala watu walikuwa wakipanga harusi, wanahesabu siku za mwezi wa Mfunguo Kenda. Nikahesabu nao kwa vidole, bila ya nia yoyote. Tarehe mbili Septemba itakuwa mwezi nane, siku ya nane tangu mwezi kuandama.

Nikahesabu tena.

Mwezi nane ni maji mafu. Bahari haijai sawasawa wala haikupwi sawasawa. Ile sakafu itakuwa chini ya maji mchana kutwa. Kitakachobaki ni mchanga wa juu, ule laini. Kwetu hata mtoto anajua. Mimi najua. Niliulizwa, nikajibu vingine.

Jumapili, 4 Agosti
Nikinyamaza njia itafyekwa. Polisi watawekwa, watu watarudi. Mbio zikiharibika siku ile, nani atatutoa tena? Baiskeli zitazama mchangani, basi. Hafi mtu.

Lakini niliulizwa. Ule ulikuwa ushahidi. Vijana wa watu wametoka mbali, wiki tatu wanateseka, na mwenye haki atakosa haki yake kwa neno langu. Na Bwana Josefu ataitwa mwongo.

Nimeswali istikhara, kumwomba Mungu anionyeshe njia. Jibu nalijua, silitaki. Nina hasira, sijui na nani. Astaghfirullah.

Jumatatu, 5 Agosti
Nimemwambia Bwana Josefu. Hakunikemea. Alivua kofia, akakaa. Akasema ningenyamaza asingejua. Nikasema ndiyo.

Amepeleka simu Mombasa. Anaomba waongeze siku za kupumzika, wafike Mkokoni wiki moja baadaye, bamvua itakaporudi. Nimemwomba Mungu wakubali. Sijaomba hivi tangu mtoto alipougua.

Zuhura bado sijamwambia.

Ijumaa, 9 Agosti
Wamekataa. Mahoteli yamelipiwa, na washindani wengine wana safari zao. Mbio zitaishia Witu. Njia ya zamani haitafyekwa. Kituo hakuna, ruhusa hakuna.

Bwana Josefu amekuja nyumbani mwenyewe kuniambia. Kahawa hakuimaliza. Alimpa Zuhura pole kupitia pazia, na Zuhura hakujua ni pole ya nini. Nikamweleza mgeni alipotoka. Akasema, "Baba Mwanaesha, umesema kweli." Akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 11 Agosti
Nimekwenda Ndau kuwaambia kwa mdomo wangu. Zuhura alikuja nami.

Shee akaniuliza, "We mtu wa Mkokoni au mtu wa baiskeli?"

Nikasema mwezi sikuuumba mimi.

"Na huo ulimi? Ungeuweka kanwani siku moja tu."

Hakuna aliyecheka. Kikongwe mmoja akauliza basi ndia itafunguliwa mwezi gani, ikabidi nianze upya kueleza. Tulipoondoka salamu zangu waliziitikia watu wachache.

Jumatano, 21 Agosti
Zuhura hasemi nami ila ya chakula. Mrashi uko rafuni, umefunikwa kitambaa. Mguu unauma.

Ijumaa, 30 Agosti
Leo amesema. "Jumatatu nipeleke Ndau." Jumatatu ndiyo tarehe mbili.

Jumatatu, 2 Septemba
Ndau. Tumekaa ufuoni mimi naye tangu adhuhuri, tunaangalia bara, upande wa Mkokoni. Maji yamesimama kwenye mizizi ya mikoko. Hayaendi, hayarudi. Saa ambayo washindani wangepita, yalikuwa palepale.

Zuhura akasema, "Mai hayakukupwa."

Nikasema hayakukupwa.

"Wangezama wote, maskini." Kisha akauliza kama lile jiwe nililisindilia vizuri. Nikasema nililisindilia kwa mguu, pande zote.

Shee alipita na boriti mbili begani. Anamtengenezea mama yao ukuta, wa hapahapa Ndau. Akasimama, akatazama maji muda mrefu. Akanipa mkono. 

Alipokwenda Zuhura akatoa mrashi kwenye buibui. Akaingia majini mpaka vifundoni, akanyunyiza marashi yote baharini, upande ule aliko mtoto. Katika dini sijui kama jambo hilo lina asili. Sikumkataza. Nimesoma Yasini, safari hii mpaka mwisho.

Tumeswali alasiri. Kesho narudi kazini.